Ugali wa Gesi na Baridi ya Sumbawanga

Juni ikifika Sumbawanga, ubishi wa majiko haumsubiri mtu wa kuuanzisha. Usiku joto hushuka hadi karibu na nyuzi 10, upepo unapita juu ya uwanda usio na miti ya kuukinga, na jiko la mkaa lililotoka kuivisha ugali huingizwa ndani watu waote. Mwenye mtungi wa gesi huulizwa ataotaje huo mtungi wake. Mmoja anaapa kwamba ugali wa gesi hauivi. Mwingine ana hesabu kamili ya maharage yaliyommalizia gesi kabla ya mwezi kwisha. Yupo aliyesikia habari ya mtungi kulipuka wilaya nyingine. Na hakosekani kijana aliyerudi kutoka Mbeya au Dar es Salaam, anayewaambia wazee wake kwamba wamepitwa na wakati.

Serikali nayo imeingia katika ubishi huo kwa nguvu zote. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Siku chache baadaye, tarehe 14 Mei, alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris ambako mataifa na kampuni ziliahidi dola bilioni 2.2 kwa ajili ya upishi safi barani Afrika. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilikwishapewa hadi mwisho wa Januari 2024 kuacha kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kuuza mitungi ya kilo 6 vijijini kwa nusu ya bei.

Inapoulizwa kwa nini watu wengi bado wanapikia mkaa, jibu la majukwaani huwa fupi: wananchi hawana elimu, waelimishwe. Jibu hilo linawadhulumu watu wa Ufipa, uwanda ulipo mji wa Sumbawanga. Ukizichambua hoja zao moja moja, unakuta nyingine si za kweli, lakini nyingine ni sahihi kabisa, na wataalamu wangepaswa kuzisikia kabla mtungi wa kwanza haujapakiwa kwenye lori.

Kabla ya hoja zenyewe, ikumbukwe kwamba uwanda huu una historia ndefu ya kupokea zana na kuziacha. Kwa karne kadhaa Wafipa walikuwa mafundi wa chuma wenye sifa kusini magharibi mwa Tanzania. Katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza mabaki ya kazi hiyo wilayani Nkasi na kwingineko Ufipa, akaonyesha kwamba eneo hili lilipata kuwa na zaidi ya aina moja ya utaalamu wa kuyeyusha chuma. Ulio maarufu zaidi ni wa malungu, matanuru marefu ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu. Ilungu halikuhitaji mtu wa kuvukuta. Lilijivutia hewa lenyewe kupitia mabomba ya udongo yaliyopangwa chini yake, na mkaa uliojazwa ndani ukawaka kwa muda mrefu hadi mawe yakatoa chuma. Chuma hicho, kikiwa bado na uchafu, kilipelekwa kwenye tanuru dogo lenye mivukuto, liitwalo kintengwe, kikasafishwa kabla ya kufuliwa jembe.

Majembe ya kiwandani yalipofika madukani wakati wa ukoloni, malungu yakazimika katika kipindi kifupi. Kukusanya mawe, kuchoma mkaa mwingi kiasi kile na kuwalisha watu wa kuhudumia tanuru ilikuwa kazi nzito mno kushindana na jembe la kununua. Baadhi ya malungu bado yamesimama mashambani mpaka leo.

Watu haohao hawakuacha intumba. Haya ni matuta ya mviringo: majani hukatwa mvua zinapoelekea kwisha, hufunikwa kwa udongo, yakaoza humo ndani, juu yake yakapandwa maharage, msimu unaofuata tuta hubomolewa na mbolea ile ikatandazwa kwa ajili ya ulezi au mahindi. Katika nchi ya nyasi, isiyo na miti ya kutosha kukata na kuchoma, intumba ililisha vizazi vingi. Plau ya ng'ombe ilipokuja wengi waliinunua, na ng'ombe wa kulimia wakawa mali ya thamani mkoa mzima wa Rukwa, lakini matuta hayakutoweka kwa sababu plau haikufanya kazi yote ya tuta.

Hata ugali unaotetewa leo dhidi ya gesi si wa kale kiasi hicho. Chakula kikuu cha Wafipa kilikuwa ulezi. Mahindi yalipanda chati hasa kuanzia miaka ya 1970, serikali ilipofidia bei ya mbolea na kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na Rukwa ikaingia katika mikoa minne mikubwa ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Watu walioweza kubadili chakula chao kikuu katika kipindi cha maisha ya mtu mmoja hawawezi kuitwa maadui wa mabadiliko.

Sasa hoja zenyewe. Ya ladha ndiyo inayosikika zaidi na ndiyo nyepesi kuliko zote. Mtungi wa kilo 6 unaouzwa kwa ruzuku hufungwa kichwa cha jiko juu yake, na sufuria hukaa hapohapo juu. Mtu anayepika chai hana shida. Anayesonga ugali wa watu wanane, ugali mgumu wa Ufipa unaotaka mikono miwili kwenye mwiko, anaona mtungi unayumba, sufuria inazunguka, na moto unalamba upande mmoja. Basi anafanya moja kati ya mawili: anasonga kwa woga, au anaitelemsha sufuria sakafuni aibane kwa miguu huku joto likiondoka. Ugali unatoka na mabonge mabichi. Kwa hiyo mlalamikaji hajasema uongo, ila amekosea mshtakiwa. Kosa ni la umbo la jiko. Jiko la mezani lenye plati mbili, likiwekwa chini juu ya matofali imara, linasonga ugali uleule.

Lipo jambo jingine katika hoja hii ambalo halisemwi vya kutosha. Anayelalamikia ladha mara nyingi siye anayepika. Mwenye kauli juu ya fedha za mtungi ni baba. Mwenye kuinama juu ya moshi ni mama na binti zake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa maradhi yatokanayo na hewa chafu ya majumbani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Kwa Tanzania, serikali hutaja vifo vipatavyo 33,000 kwa mwaka. Ladha ya ugali ni haki ya mlaji, lakini haipaswi kupimwa bila mapafu ya mpishi kuwekwa kwenye mzani huohuo.

Hoja ya maharage ina uzito, na Ufipa ina uzito zaidi kuliko Pwani. Mji wa Sumbawanga uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi badala ya 100. Hata moto uwe mkali namna gani, maji ndani ya sufuria ya kawaida hayapandi zaidi ya hapo. Yanageuka mvuke na kuondoka. Ndiyo maana maharage ambayo Dar es Salaam yangeiva kwa saa mbili, uwandani yanadai muda mrefu zaidi. Plati ikiwa kwenye moto mkali kwa saa tatu inaweza kula karibu nusu kilo ya gesi. Mtungi wa kilo 6 unapika sufuria 12 za namna hiyo, kisha umekwisha. Mama anayesema maharage yanakula gesi amepiga hesabu sahihi, na hakuhitaji semina.

Kuloweka maharage usiku kucha hupunguza muda huo, na bure. Lakini dawa yenyewe ni sufuria ya presha, inayozuia mvuke usitoke na kuyapandisha maji hadi zaidi ya nyuzi 110 hata huku juu. Sufuria ya presha ya umeme, ambayo shirika la TaTEDO limekuwa likiitangaza nchini, huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Mteja mdogo wa shirika la umeme, TANESCO, aliye katika kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Hakuna kopo la mkaa linaloweza kushindana na bei hiyo.

Hapa tena wananchi wana jibu, na ni jibu la watu wanaosoma risiti zao za umeme wa LUKU. Kundi la D1 lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi, uniti inapanda bei zaidi ya mara mbili. Nyumba inayotumia uniti 50 kwa taa, simu na televisheni inaogopa kwamba jiko la umeme litaisukuma nje ya kundi hilo. Tena sufuria yenyewe dukani huzidi shilingi laki moja. Na umeme wa Rukwa kwa miaka mingi umetoka Zambia kupitia Mbala. Mkoa umekuwa ukisubiri laini ya kilovolti 400 ya mradi wa TAZA, inayotoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma, ili uungwe na gridi ya Taifa. Kumwambia mtu aache mkaa kwa ajili ya umeme, wakati umeme ukikatika ni mkaa huohuo utakaomwokoa, ni kumdai imani kubwa.

Woga wa kulipuka hauhitaji maneno mengi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, na imetiwa harufu kali kwa makusudi ili mtu aigundue. Povu la sabuni kwenye regulata na mpira linaonyesha uvujaji papo hapo; njiti ya kiberiti haitumiki kamwe kwa kazi hiyo. Ajali zipo, na hutokea zaidi pale ambapo mpira umechakaa au mtu amewasha moto baada ya kusikia harufu.

Mkaa nao unaua, tena bila harufu. Jiko likiingizwa chumbani, mlango ukafungwa na madirisha yakazibwa kwa ajili ya baridi, makaa yanayokufa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haionekani wala hainuki. Aliyelala hapati nafasi ya kuamka. Karibu kila msimu wa baridi habari za familia iliyokutwa imekufa kando ya jiko hutoka katika mikoa ya nyanda za juu, na inauma kwamba kampeni za nishati safi huzungumzia misitu kwa kirefu na jambo hili kwa sentensi moja. Kila redio inayosikika Rukwa ingepaswa kulirudia usiku wa Juni na Julai: ota nje, au acha dirisha wazi, na jiko litolewe kabla ya kulala.

Hata hivyo onyo haliondoi baridi. Jiko la mkaa Ufipa linafanya kazi mbili kwa gharama moja, na gesi imeletwa kufanya kazi moja tu. Ukimwondolea mtu jiko lililopasha moto watoto wake bila kumpa kitu kingine cha kuwapasha, atalirudisha. Jiko la matofali lenye bomba la kutolea moshi, likichoma kuni za mikaratusi iliyopandwa, lingepunguza sehemu kubwa ya hatari hiyo katika nyumba za matofali ya kuchoma zilizojaa mkoani. Haliingii katika orodha ya teknolojia zinazopigiwa debe, na ni kosa.

Limebaki suala la fedha, ambalo mwaka 2006 liliishinda hata amri. Mwaka huo serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa, na katazo halikumaliza mwezi. Mkaa hununuliwa kwa kopo. Mwenye fedha kidogo leo anapika leo. Gesi hujazwa kwa mtungi mzima. Kampuni ya KopaGas ilijaribu Dar es Salaam njia ya kuweka mita kwenye mtungi, mteja akalipia kidogo kidogo kwa simu, na teknolojia hiyo iliyonunuliwa na Circle Gas mwaka 2020 ndiyo inayotumika Kenya kwa jina la M-Gas. Njia kama hiyo ingewafaa wakulima wa Laela, Matai na Namanyere kuliko hata watu wa mjini, kwa sababu fedha zao huja kwa msimu. Baada ya mavuno, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) na wafanyabiashara wanaponunua mahindi, mtungi hujazwa bila manung'uniko. Kufikia Januari na Februari fedha zimekwenda kwenye mbolea, palizi na ada za shule.

Kwa sasa mafanikio ya kampeni hutangazwa kwa idadi ya mitungi iliyogawiwa. Idadi hiyo haisemi kama jiko la mkaa limetoka jikoni, wala kama mtungi ulijazwa hata mara ya pili. REA na halmashauri za Rukwa wangeweza kuwataka mawakala wa gesi waandike ni mitungi mingapi ya ruzuku inarudi kujazwa, mwezi kwa mwezi, na kuitangaza hesabu ya Februari.