Taa za Ukungu kwenye Barabara za Kwale

Taa za ukungu ni jozi ya taa ndogo zinazokaa kwenye bampa la mbele, chini ya hedilaiti. Kazi yake ni moja tu: kumwonyesha dereva kingo za barabara na mita chache zilizo mbele yake wakati hewa imejaa matone ya maji, vumbi au moshi. Mwanga wake ni mpana na bapa, umetandazwa kushoto na kulia, na ukingo wake wa juu umekatwa ili usipande. Sababu ya umbo hilo ni kwamba matone ya ukungu hurudisha mwanga ulikotoka. Fuli, yaani mwanga wa juu wa hedilaiti, ikiwashwa ndani ya ukungu, dereva huona mbele yake kama shuka jeupe lililotandazwa juani. Taa iliyofungwa chini hupitisha mwanga wake karibu na lami, mbali na usawa wa macho, kwa hiyo sehemu ndogo tu hurudi kumsumbua.

Pwani ya kusini ya Kenya, katika kaunti ya Kwale, haina ukungu kila mahali. Barabara kuu inayotoka Likoni na kupitia Waa, Tiwi, Ukunda na Msambweni hadi mpakani Lunga Lunga, hufuata nchi tambarare iliyo karibu na bahari, na huko ukungu mzito ni nadra. Ukungu wenyewe uko juu. Barabara inayochepuka Kombani kuelekea mji wa Kwale hupanda vilima vya Shimba, ambavyo vilele vyake hupita mita 400 kutoka usawa wa bahari. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na vilima hivyo, zikapanda na kupoa, na mvuke wake ukageuka matone. Alfajiri na asubuhi za miezi ya mvua, gari linaweza kuondoka Kombani hewa ikiwa safi na kuingia kwenye wingu kabla ya kufika Kwale. Wanaoendelea hadi Kinango hukutana na hali hiyo hiyo wanapopita kando ya msitu wa hifadhi, ambako giza ni nene na kona hazionekani mapema.

Ziko sababu nyingine mbili za kuziwasha katika kaunti hii. Ya kwanza ni vumbi la barabara za murramu za Kinango na bara la Lunga Lunga, ambako lori moja huacha nyuma wingu linalofunika njia nzima. Ya pili ni moshi wa mashamba yanayochomwa, ambao hutambaa barabarani jioni upepo unapotulia. Katika hali hizo taa ya ukungu hufanya kazi ile ile iliyoundiwa.

Mvua ni jambo la kufikiriwa kwa makini zaidi, kwa kuwa madereva wengi huamini kwamba mvua na ukungu ni mamoja. Masika yanapomwagika, hasa Aprili na Mei, lami iliyolowa hugeuka kioo. Mwanga unaopiga karibu na gari hauishii barabarani; huteleza juu ya maji na kumfikia usoni dereva anayekuja. Mvua ikiwa kubwa kiasi cha kuficha gari lililo umbali wa mita 100, taa hizo zina faida, na kanuni za barabarani za Uingereza hutumia kipimo hicho hicho. Mvua ikipungua, au usiku ukiwa mkavu na wazi, zinapaswa kuzimwa.

Kwa bahati mbaya, ziwashwapo zaidi ndipo pasipo na haja nazo. Barabara ya ufuoni ya Diani na ile inayoiunganisha na Ukunda hujaa usiku tuktuk, bodaboda, baiskeli na watu wanaotoka kazini hotelini wakitembea ukingoni mwa lami. Taa za ukungu zikiwaka hapo hazimsaidii dereva. Mwanga mkali ulio karibu na bampa huifanya mboni ya jicho ijikaze, na jicho lililojikaza haliwezi kuona vizuri kitu kilicho mbali penye mwanga hafifu. Dereva hujihisi anaona barabara nzima ilhali anaona mita chache za mwanzo. Anayetembea mita 60 mbele akiwa amevaa nguo nyeusi huzidi kupotea gizani. Naye mwendesha bodaboda anayekuja upande wa pili, ambaye mara nyingi hana hata kioo cha kukinga macho, hupofuka kwa sekunde anazozihitaji kuliko mtu yeyote.

Taa ya ukungu ya nyuma ni habari tofauti. Ni nyekundu, na mwanga wake ni zaidi ya mara kumi ya taa ya kawaida ya nyuma. Magari mengi yaliyoagizwa Japani hayana taa hii, lakini yale ya Ulaya huwa nayo, na mengine huwa na moja tu, upande wa dereva. Ikiachwa ikiwaka usiku wa kawaida, anayefuata nyuma hudhani ni breki iliyokwama, au hashituki breki halisi inapowaka kandoye. Alama kwenye dashibodi hutofautisha taa hizi mbili: ya mbele ni ya kijani, ina mistari inayoinama kuelekea chini, ya nyuma ni ya rangi ya machungwa, na mistari yake imenyooka. Inafaa kila aliyenunua gari la mtumba azitambue kabla ya safari ya kwanza ya usiku.

Upande wa marekebisho ndiko madhara makubwa yanakofanyika. Balbu za H8, H11 na H16 hufanana kitako, zikitofautiana kwa vijino vidogo tu, na fundi akikata kijino, balbu moja huingia mahali pa nyingine. H16 hula wati 19, H8 wati 35, na H11 wati 55. Nyumba ya taa iliyoundwa kwa wati 19 ikitiwa balbu ya wati 55 hupata joto karibu mara tatu, plastiki ikalegea na soketi ikaungua. Balbu mbili za wati 55 huvuta zaidi ya ampea 9 kwenye umeme wa volti 12. Kwa hiyo anayefunga taa mpya kwenye gari ambalo halikuja nazo lazima apitishe umeme wake kwenye rilei na fyuzi yake yenyewe, kwa waya mnene wa kutosha. Kuziunganisha na waya wa taa ndogo za kuegesha ni kualika moto.

Balbu za xenoni, zinazotiwa badala ya balbu za uzi, zina kasoro nyingine. Kioo cha ndani cha taa kimechongwa kukusanya mwanga unaotoka kwenye uzi mfupi wa balbu, mahali pamoja maalumu. Xenoni huwaka kwa umbo na mahali tofauti, kwa hiyo ukingo wa juu wa mwanga huvunjika na miali hupanda ovyo. LED za bei rahisi zina tatizo hilo hilo. Zile bora, ambazo vipande vyake vya mwanga vimepangwa mahali pa uzi, hufanya vyema, hutumia umeme kidogo na hazipashi joto kioo ambacho kitarushiwa maji ya dimbwi.

Rangi nayo ina imani zake. Husemwa kwamba mwanga wa njano hupenya ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuliko mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawa. Faida ya njano ni kuondoa sehemu ya bluu, ile inayoumiza macho zaidi, na faida hiyo ni ndogo. Ufaransa ililazimisha hedilaiti za njano tangu miaka ya 1930 hadi 1993, kisha ikaliacha sharti hilo. Nyeupe au njano, zote mbili zafaa. Bluu, zambarau na nyekundu hazifai mbele ya gari.

Kanuni za Umoja wa Mataifa, zinazofuatwa na watengenezaji wengi wa magari, huziweka taa za mbele za ukungu za gari dogo kati ya sentimita 25 na 80 kutoka ardhini, na kamwe si juu ya hedilaiti. Baa za LED zinazofungwa juu ya paa au kwenye bulubari si taa za ukungu hata zikiuzwa kwa jina hilo. Kupima mwelekeo ni rahisi. Gari huegeshwa mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, magurudumu yakiwa na upepo sawa. Taa ikiwa sentimita 45 kutoka ardhini, ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 35 ukutani. Hapo mwanga utagusa lami kama mita 22 mbele. Kwenye lami iliyolowa, gari la kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya umbali huo. La kilomita 50 huhitaji karibu mita 45. Asiyeona zaidi ya taa zake za ukungu hapaswi kupita kilomita 30 kwa saa.

Hewa ya chumvi ya Diani na Msambweni huzila soketi na fremu za chuma haraka, hivyo viungo vya waya vipakwe grisi ya umeme na kuangaliwa kila baada ya mvua kubwa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na masharti ya ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, humtaka mwenye gari awe na taa zisizohatarisha wengine.

Kwa mwenye fedha za kazi moja tu, zisiende kwenye taa mpya za ukungu. Zitumike kung'arisha vioo vya hedilaiti vilivyofifia kwa jua, kuweka balbu za asili na kuzielekeza sawasawa. Kwa barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga, hizo ndizo taa anazozihitaji.