Gitaa Kavu la Umbo la Wastani: Yapasayo Kukaguliwa Kabla ya Kulipa

Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, gitaa kavu lenye nyuzi za chuma hununuliwa na kwaya za makanisa, na vijana wanaotumbuiza wageni katika hoteli na kambi za watalii, na wazazi wanaotaka mtoto ajifunze muziki. Mara nyingi fedha za ununuzi huo ni mchango wa wanakwaya wengi, au akiba iliyobaki baada ya msimu wa vitunguu. Mnunuzi anayetaka kuchagua kati ya magitaa mengi hulazimika kwenda Arusha, takriban kilomita 140 kutoka mjini Karatu, au kumtuma mtu, au kuagiza kwa kutazama picha kwenye simu. Kasoro inapogundulika baada ya gitaa kufika nyumbani, nauli ya kulirudisha peke yake huweza kumkatisha tamaa mwenye haki.

Tunataka mtumiaji ajue jambo moja kwanza. Ubora wa gitaa hauko katika jina lililoandikwa kichwani mwake. Uko katika mbao, viungo na mpangilio wa nyuzi, na mengi ya hayo huweza kukaguliwa na mtu asiye mwanamuziki kwa muda wa nusu saa. Ukaguzi huo una uzito wa kisheria pia, kama tutakavyoeleza.

Umbo la wastani ni lipi

Gitaa la umbo la wastani lina sanduku lenye upana wa takriban sentimita 38 sehemu ya chini, na kiuno kilichobonyea. Umbo kubwa, ambalo watengenezaji huliita dreadnought, hukaribia sentimita 40, lina kiuno kipana na sanduku lenye kina zaidi. Kampuni ya Marekani ya C. F. Martin ilianza kutengeneza umbo la 000 mwaka 1902, na mwaka 1929 ikatoa lile la OM. Hadi leo watengenezaji wengi hutumia alama hizo kwa magitaa ya wastani. Kwa kampuni ya Yamaha, herufi FS huonyesha umbo dogo kuliko lile la FG.

Tofauti hiyo si ya macho tu. Umbo kubwa hutoa besi nzito na sauti pana, hivyo hufaa anayepiga kwa nguvu akiisindikiza kwaya kubwa bila vipaza sauti. Umbo la wastani husawazisha nyuzi nene na nyembamba, hukaa vizuri mapajani, na humfaa mwenye mwili mdogo. Humfaa zaidi apigaye kwa vidole, mtindo ambao Afrika Mashariki iliufahamu vyema kupitia wapigaji kama Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Mnunuzi ajiulize kwanza gitaa litapigwa na nani na mahali gani, kabla ya kuuliza bei.

Ubao mzima na ubao wa tabaka

Sauti ya gitaa hutokana zaidi na ubao wa mbele, ule wenye tundu. Ubao huo huweza kuwa mti halisi mzima, mara nyingi sprusi, mti wa jamii ya misonobari. Huweza pia kuwa wa tabaka nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, kama plaiwudi. Ubao mzima hutetemeka kwa wepesi, na kwa kawaida hutoa sauti yenye uhai zaidi. Ubao wa tabaka hutoa sauti iliyofifia kidogo, lakini huvumilia joto, ukavu na misukosuko ya safari.

Kuutambua si kazi ngumu. Tazama ukingo wa tundu la sauti mahali penye mwanga. Mistari ya mti ikiendelea kutoka juu ya ubao na kushuka kwenye unene wake bila kukatika, huo ni ubao mzima. Zikionekana tabaka mbili au tatu zilizolaliana, ni ubao wa tabaka. Ikiwa ukingo umefunikwa kwa pambo au rangi nzito, soma karatasi iliyobandikwa ndani ya sanduku. Maneno ya Kiingereza “solid top” humaanisha ubao wa mbele ni mzima. Maneno “spruce top” peke yake hayathibitishi hivyo, kwa kuwa hata tabaka ya juu ya plaiwudi huweza kuwa ya sprusi. Muuzaji anayedai kuwa ubao ni mzima aombwe aandike dai hilo kwenye risiti.

Hali ya hewa ya kwetu

Mti hunywa unyevu na kuutoa kadiri hewa inavyobadilika. Watengenezaji wengi hupendekeza gitaa la mbao nzima litunzwe katika hewa yenye unyevu wa kati ya asilimia 45 na 55. Wilaya zetu zina hewa za namna nyingi katika eneo dogo. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, hufunikwa na ukungu na baridi nyakati za mvua. Mji wa Karatu uko takriban mita 1,500. Ukiteremka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, unakutana na joto na ukavu. Gitaa lililokaa kwa miezi katika hewa nzito ya Dar es Salaam au Tanga, kisha likapandishwa huku wakati wa kiangazi, hupoteza unyevu kwa haraka, na ubao wake huweza kupasuka.

Kwa sababu hiyo ushauri wetu una pande mbili. Anayekaa mahali pamoja na awezaye kulitunza gitaa ndani ya kasha lake anunue lenye ubao wa mbele mzima. Anayesafiri nalo kila wiki kati ya Mang'ola, Karatu na kambi za hifadhini asione haya kuchagua la tabaka lililotengenezwa vizuri. Kwake yeye, gitaa lisilopasuka ni bora kuliko lenye sauti tamu ya msimu mmoja.

Atakayechagua ubao mzima atunze unyevu wakati wa kiangazi. Kopo dogo la sabuni lililotobolewa matundu, lenye sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, likiwekwa ndani ya kasha bila kugusa mbao, hutosha kwa kazi hiyo. Gitaa lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala lisifungwe juu ya keria kwenye barabara ya vumbi na makorongo ipitayo ndani ya hifadhi.

Ukaguzi wa nusu saa

Mnunuzi aende na rula, kadi nne za benki, kipande cha karatasi, kitambaa cheupe na simu yenye programu ya kupima noti. Programu za namna hiyo hupatikana bila malipo.

1. Nyuzi ziko juu kiasi gani. Kadi ya benki ina unene wa karibu robo tatu ya milimita. Weka kadi juu ya freti ya 12, chini ya uzi mnene kuliko zote. Kadi tatu zikienea bila kuusukuma uzi, urefu huo unafaa. Ya nne nayo ikiingia kwa urahisi, nyuzi ziko juu mno na vidole vya mwanafunzi vitaumia. Uliza kama muuzaji anaweza kuzishusha kabla ya malipo.

2. Shingo imenyooka au imepinda. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na sanduku. Katikati lazima ibaki nafasi ndogo sana, ya unene wa kadi ya mwaliko. Uzi ukilalia freti zote, au nafasi ikiwa kubwa, shingo inahitaji kurekebishwa kwa chuma kilichomo ndani yake. Gitaa lisilo na chuma hicho cha kurekebishia usilinunue, kwa kuwa nyuzi za chuma huvuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 70.

3. Daraja limeshika. Jaribu kupenyeza karatasi chini ya kingo za daraja, yaani kipande cha mti kinachofungia nyuzi juu ya sanduku. Karatasi ikiingia, gundi imeanza kuachia. Tazama pia kwa upande kama ubao nyuma ya daraja umevimba, au kama ubao wa mbele umedidimia kuzunguka tundu.

4. Freti hazikwaruzi. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Ncha za freti zikikwaruza kama msumeno, mti umekauka na kunywea. Gitaa hilo limetunzwa vibaya dukani.

5. Noti ni za kweli. Funga nyuzi kwa usahihi. Kisha piga kila uzi ukiwa wazi, na tena ukibonyeza freti ya 12. Programu lazima ionyeshe noti ileile, ya juu zaidi kwa oktava moja. Ikipanda au kushuka kwa kiasi kinachosikika, gitaa litasikika limepotoka kila linapopigwa juu ya shingo.

6. Hakuna mlio wa ziada. Piga kila uzi kwenye kila freti, polepole. Mlio wa kukwaruza kwenye freti moja tu ni dalili ya freti iliyoinuka. Mtetemo ndani ya sanduku ni dalili ya mwamba wa ndani ulioachia.

7. Rangi ya ubao wa shingo. Futa ubao huo kwa kitambaa chenye unyevu. Kikitoka na weusi, mti mweupe umepakwa rangi ili ufanane na mpingo. Kasoro hiyo haizuii kupiga, lakini bei ya mpingo isilipwe kwa rangi.

Jina kubwa na bei ndogo

Majina yanayojulikana ndiyo yanayoigwa. Linganisha maandishi ya kichwani na yale ya karatasi ya ndani, tafuta namba ya utengenezaji, kisha uihakikishe kupitia tovuti au huduma kwa wateja ya mtengenezaji. Herufi zilizopinda, karatasi ya ndani isiyotaja aina ya gitaa, na bei iliyo mbali mno chini ya ile ya maduka mengine ni sababu za kutosha za kuahirisha ununuzi. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Gitaa lisilo na jina kubwa, lililofaulu majaribio saba hapo juu, ni halali na lina thamani kuliko bandia lenye jina.

Haki yako na mipaka yake

Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Tena, mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina hiyo anawajibika kwa ubora unaokubalika kibiashara. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mtumiaji. Hata hivyo, mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi baadaye kudai juu ya kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuidhihirisha. Aliyelishika gitaa dakika mbili na kulipa amejipunguzia ulinzi huo. Vilevile, anayenunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara, kama mgeni anayeondoka au mpigaji anayebadilisha chombo, hana ulinzi uleule wa ubora; hapo ukaguzi wake ndio ngao yake kuu.

Dai risiti ya EFD, na uombe iandikwe jina la mtengenezaji, aina, namba ya utengenezaji na kama ubao wa mbele ni mzima. Anayeagiza kwa simu ahifadhi picha na ujumbe wote wa muuzaji, kwa kuwa hayo ndiyo maelezo aliyonunulia. Maandishi ya “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” hayafuti haki ya aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichika au kisicholingana na maelezo.

Kasoro ikijitokeza, acha kulitumia gitaa, lipige picha, na umjulishe muuzaji kwa maandishi mapema iwezekanavyo. Usilipeleke kwa fundi kabla muuzaji hajaliona, maana marekebisho huweza kufuta ushahidi. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani ukiambatisha risiti, picha na mawasiliano. Tutayapokea kutoka kwa mtu mmoja au kutoka kwa kwaya nzima, kwa uzito uleule.