Vyombo vya Nyumbani Visivyosifiwa

Mshairi Pablo Neruda wa Chile, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1971, hakuona haya kukisifu kitunguu. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha mashairi ya kuvisifu vitu ambavyo watu huvipita bila kugeuza shingo: mkate, nyanya na vinginevyo. Mwaka 1956 akazifikia soksi. Hoja yake ni nyepesi kuieleza lakini si nyepesi kuikubali, kwamba chombo kinachomtumikia mtu kila siku ndicho kinachosahauliwa upesi.

Mashairi ya namna hiyo yangesomwa Minago, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara iendayo Rumonge kutoka Bujumbura, yasingehitaji mkalimani. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa; wanaporudi alfajiri, vyombo vya nyumbani vimekwisha kuamka zamani. Dumu la lita 20, ambalo zamani lilijaa mafuta ya kupikia, limekwisha kwenda majini na kurudi. Ungo umepepeta unga wa muhogo. Sufuria ya mawese imo mekoni, nje nyeusi tii kwa masizi, ndani ikimeta kwa wekundu. Dumu likitoboka huzibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa motoni. Likishindikana hukatwa ubavu likawa beseni, nalo beseni likipasuka hupandwa vitunguu. Nani amewahi kulishukuru?

Hata hivyo, kukisifu chombo peke yake ni kuifanya kazi nusu. Neruda mwenyewe alilitambua hilo katika shairi la soksi, kwa maana alimtaja kwa jina Maru Mori, mwanamke aliyezifuma. Vyombo vingi havikubahatika hivyo. Vyungu vya udongo vya Burundi tangu kale vimefinyangwa hasa na Watwa, na wafinyanzi wengi ni wanawake. Udongo huchimbwa mabondeni, hukandwa, hufinyangwa kwa mikono, huanikwa, kisha huchomwa kwa nyasi na kuni mahali pa wazi. Maharage yaliyoiva ndani ya chungu hicho yalisifiwa sana, na aliyeyapika pia. Mfinyanzi hakuulizwa hata jina. Sufuria za alumini na ndoo za plastiki zilipoenea, soko lake lilipungua, na wachache walitambua.

Katika mwambao huo kuna sababu nyingine ya kutovidharau vyombo. Mwishoni mwa Aprili 1972 maasi yalizuka Rumonge na Nyanza-Lac, kisha mauaji makubwa yakaenea nchini, na watu kwa maelfu mengi wakakimbilia Tanzania. Wengi walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakafyeka pori na kuanza upya. Anayekimbia usiku hapati nafasi ya kupima thamani. Kabati hubaki, kitanda hubaki. Sufuria na mkeka ndivyo vinavyobebeka kichwani. Na asiyewahi kuibeba sufuria huikumbuka siku ya kwanza ya safari, anapopewa unga na hana pa kuusongea. Baadhi ya wakimbizi hao walianza kurejea kwa wingi mwaka 2008, wengine wakiwa wazee, na iliwapasa kuuliza tena bei ya mwiko.

Mwaka 2024 palikuwa na hama hama ya namna nyingine. Ziwa lilifura likaingia majumbani huko Rumonge, na wenye nyumba wakatoa vyombo vyao huku maji yakiwafika miguuni.

Familia za askari na polisi hazihitaji vita wala mafuriko ili kuyafahamu haya. Amri ya uhamisho yatosha. Mama hutia sufuria ndogo ndani ya kubwa, vikombe akavifunga kwa khanga, mwiko akauchomeka kwenye godoro lililoviringishwa. Baba huhesabu mizigo mara mbili garini, kwa sauti ya gwaride. Wanafika kambi mpya usiku, watoto wana njaa, moto umekwisha kuwaka na maji yanatokota, ndipo inapokumbukwa kwamba godoro limo chini kabisa ya mizigo yote. Mtoto mkubwa hutumwa kubisha hodi nyumba ya pili, kwa watu asiowajua bado, kuazima mwiko.