Odowa si Kichekesho

Nimeona odowa, vijiwe laini vya udongo wa kutafuna, ikiuzwa mafungu mafungu masokoni Homa Bay na Migori. Mja mzito akitafuna, watu humwelewa. Mtu mzima wa miaka hamsini huchekwa, naye hukificha kijiwe pindoni mwa leso.

Hedhi ikaribiapo kukoma, aghalabu kati ya miaka 45 na 55, damu huweza kutoka kwa wingi. Chuma kikipungua mwilini, huenda uchu wa udongo ukazuka. Na udongo wenyewe huweza kuzuia chuma cha chakula kisifyonzwe, uchu ukazidi.

Hapa pwani nako wamo mama zetu wafichao. Mwili ni amana ya Mungu: tusiwacheke, tuwapeleke wakapimwe damu.