Michoro ya Kakapel imefika London na mtandaoni. Wewe wa Malaba umeiona?

KIJANA wa Busia au Malaba, umezoea kuambiwa kwamba sanaa kubwa iko mbali: Nairobi, London, Paris. Huku mpakani, watasema, kuna foleni ya trela, wabadilishaji pesa na bodaboda tu. Sasa toa simu, ingia Google Arts & Culture, andika Kakapel, kisha tazama.

Utaona jabali lenye michoro ya rangi nyekundu na nyeupe: duara ndani ya duara, mistari, ng'ombe. Jabali hilo haliko ng'ambo. Liko Teso Kaskazini, kwenye milima ya Chelelemuk, kaunti hiihii ya Busia. Ni turathi ya kitaifa iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya (NMK).

Ilifikaje kwenye simu yako? Mwaka 1996, mpiga picha David Coulson alianzisha shirika la Trust for African Rock Art, maarufu kama TARA, lenye makao yake Nairobi. Kazi yake ni kupiga picha michoro ya mawe kote Afrika kabla haijafutika. Kuanzia 2013, makavazi ya British Museum ya London yalianza kuorodhesha na kuweka mtandaoni takriban picha 25,000 za shirika hilo. Google nao walikuwa wameanza mradi wao wa sanaa mwaka 2011 wakiwa na makavazi 17 pekee. Leo makavazi mengi ya dunia yamo humo, NMK ikiwemo. Korona ilipofunga milango mwaka 2020, maonyesho ya mtandaoni ndiyo yaliyobaki wazi.

Usidhani kutazama kwenye skrini ni kutazama nusu. Kuna mambo ambayo simu inakuonyesha na jicho haliwezi. Watafiti hutumia programu iitwayo DStretch, ambayo huikoleza rangi iliyofifia hadi mchoro uliokuwa umepotea kwenye mwamba ujitokeze tena. Ukisimama pale chini ya mwamba unaona doa jekundu. Picha iliyopitishwa kwenye programu hiyo inaweza kukuonyesha umbo zima.

Tena mtandaoni hakuna mpaka. Ukimaliza Kakapel, tafuta Nyero, kule Kumi nchini Uganda. Nako kuna duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu, kwenye miamba iliyo katika ardhi ya Wateso wa upande wa pili. Weka picha hizo mbili sambamba. Waliochora hawakuwa na kitambulisho wala pasipoti, na huu mstari tunaouvuka kila siku haukuwepo. Wataalamu wengi wanaona kwamba duara hizo zilichorwa na wawindaji wa kale, ndugu wa jamii ya Watwa. Ng'ombe wa Kakapel wakaja juu yake baadaye, wakiletwa na wafugaji. Kwa hivyo jabali moja lina tabaka za watu tofauti, kila kizazi kikichora juu ya kile cha kwanza.

Na si michoro tu. Mwaka 2024, watafiti, wakiwemo wa NMK, walichapisha matokeo ya uchimbaji wao Kakapel. Waliyapata mabaki ya kunde za miaka 2,300 hivi iliyopita, ambayo ni miongoni mwa ushahidi wa zamani zaidi wa kilimo cha mimea Afrika Mashariki. Wimbi nalo lilikuwepo angalau miaka 1,000 iliyopita. Yaani ile sahani ya ugali wa wimbi na kunde nyumbani kwa nyanya yako ina historia ndefu sana.

Sasa shida iko hapa. Soma maelezo yaliyo chini ya picha hizo. Mengi ni ya Kiingereza, na yameandikwa kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga Amagoro. Yanakupa makadirio ya umri, rangi na mtindo. Hayakuambii wazee wa pale huliitaje jabali, walikatazwa nini wakiwa watoto, au walilisha mifugo upande gani. Mgeni hawezi kuandika asichoambiwa.

Jambo hili ni kubwa kuliko Kakapel. Mradi wa International Inventories Programme, ambao NMK ni mshirika, umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Kwenye orodha za aina hiyo, mara nyingi utakuta jina la aliyekusanya, ila jina la aliyetengeneza halipo. Kitu kinaweza kurudishwa kwa ndege, kama Cambridge ilivyorudisha vitu 39 Uganda mwaka 2024. Lakini habari iliyozikwa na mzee aliyeijua hairudi kwa ndege yoyote.

Hapo ndipo wewe unaingia, na huhitaji digrii. Unahitaji simu ileile unayotumia TikTok.

Kwanza, nenda. Ukifika Malaba, ulizia matatu au bodaboda ya kuelekea Kakapel, mkubaliane bei kabla ya kupanda. Ukiwa huko, jitambulishe kwa wenyeji na mlinzi.

Pili, usiguse. Jasho la mkono huharibu rangi. Usimwagie maji ili picha itoke poa, usipitishe chaki wala makaa, na usiandike jina la mpenzi wako. Jabali si ukuta wa choo.

Tatu, rekodi. Mwombe ruhusa mzee, wa Kiteso, Kikhayo, Kisamia au Kimarachi, akueleze kwa lugha yake. Akisema jambo fulani si la kuanikwa, liache hapohapo. Akikubali, andika tarehe na mahali. Jina lake uliweke tu akitaka. Halafu tafsiri kwa Kiswahili.

Nne, weka mahali patakapodumu. Posti ya mtandao wa kijamii husahaulika baada ya siku mbili. Picha yako unaweza kuiweka Wikimedia Commons, na makala fupi Wikipedia ya Kiswahili, ambako yeyote anaweza kuchangia bure. Nakala mpe mzee na jamaa zake, maana sauti ni yao.

Maonyesho ya mtandaoni yameipeleka Kakapel duniani, na hilo ni jambo zuri. Lakini watu wa mbali watazidi kuieleza hadi walio karibu wafungue mdomo. Bando la leo unalo. Wazee wanaojua hadithi hizo hawatakuwepo siku zote.