Zawadi Yenye Mkia Mwekundu

Wenzangu huletewa vitenge na manukato. Mimi mwaka 2018 mchumba wangu, akitokea Bukoba, aliniletea kasuku. Alimnunua njiani kwa kijana mmoja, akamsafirisha hadi Dar ndani ya boksi la mafuta ya kula lililotobolewa matundu. Wa kijivu, mkia mwekundu utadhani umechovywa kwenye rangi ya kucha. Mashosti walipomwona walinionea wivu mpaka basi.

Tukamwita Bwana Mdogo. Baada ya miezi michache akaanza kuiga mlio wa simu yangu, kisha sauti ya mchumba wangu mwenyewe: "Baby, upo?" Yaani nilikuwa naitwa baby kutwa nzima, hata bosi wangu akipiga simu anasikia.

Kisha akaanza kujinyonyoa. Kila nikirudi kazini nakuta manyoya chini ya tundu, na kifua chake kikabaki wazi kama kuku wa sokoni. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Akamtazama, akanitazama, akaniuliza, "Dada, kibali chako kiko wapi?"

Nikacheka. Nilidhani kibali ni cha mtu anayefuga simba.

Kumbe Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote nchini ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba yetu. Maana yake yule kijana wa njiani aliuza kitu kisicho chake, na sisi tukanunua. Kumpenda ndege, kumlisha karanga, kumnunulia tundu la bei mbaya, vyote havibadilishi hilo.

Kiukweli nilikasirika. Serikali ina shida gani na ndege mmoja sebuleni kwangu? Daktari hakubishana. Alinieleza tu jinsi wanavyokamatwa. Kasuku hawa hulala kwa makundi, mamia kwenye miti ileile kila jioni. Mtegaji hupaka ulimbo kwenye matawi, wakati mwingine anaweka kasuku mwingine pale kama chambo, wenzake wanatua, wananasa. Makinda huchomolewa kwenye mashimo ya miti. Kisha ni maboksi, kiu na hofu, na wengi hufa kabla hata mnunuzi hajawaona. Kwa hiyo Bwana Mdogo hakuwa ndege mmoja. Alikuwa yule aliyebaki hai.

Halafu hawazai haraka kama kuku. Jike hukaa miaka kadhaa kabla ya kuanza kutaga, na hutaga mayai machache tu. Tangu mwaka 1975, ulipoanza kazi mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zaidi ya kasuku hawa milioni moja walitolewa misituni na kuuzwa nje kihalali, achilia mbali wa magendo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Ghana walikuwa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Mwaka huohuo, mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg uliwaweka kwenye daraja la ulinzi mkali kuliko yote, na kuanzia Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Kwetu wapo kidogo tu, upande wa Kagera, kwenye msitu wa Minziro.

Lakini kilichonichoma zaidi ni hiki: kasuku hawa huchagua mwenza mmoja na kukaa naye miaka na miaka. Wakifugwa wanaweza kufika miaka 40 hata 60. Mimi nilikuwa naondoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa mbili usiku. Wewe ungefungiwa chumbani peke yako hivyo, usingejinyonyoa?

Kumwambia mchumba sasa, hapo ndipo palikuwa na kazi. "Ni ndege tu, mbona watu kibao wanafuga?" Aliona nakataa zawadi yake, na kwa wanaume wetu kukataliwa zawadi ni kukataliwa mwenyewe. Tulinuniana wiki nzima, tarehe ya kikao cha harusi ikasogezwa. Akashauri tufungue dirisha aende zake. Aende wapi? Dar si msitu wake, chakula cha porini hakijui tena, na angeweza kuwapelekea ndege wengine magonjwa ya kwenye tundu.

Mwishowe alibeba tundu mwenyewe hadi ofisi ya wanyamapori. Hatukupigwa pingu, ila tuliulizwa maswali mpaka jasho likanitoka. Tulipogeuka kuondoka, nyuma yetu ikasikika: "Baby, upo?" Mchumba wangu, ambaye sasa ni mume wangu, hakugeuka. Kwenye gari hakusema neno mpaka Sinza.

Siku hizi akitoka Bukoba huniletea senene. Hao nawala siku hiyohiyo.