Kasi ya bure imepata bei

Agosti 1998 Intel iliingiza sokoni prosesa mbili zenye hadhi tofauti kabisa. Pentium II ya megahezi 450 ilitangazwa kwa zaidi ya dola 600. Celeron 300A, ya megahezi 300, ilikuwa ya takriban dola 150, imetengwa kwa wenye mfuko mwepesi. Haikuchukua muda wapenzi wa kompyuta wakafanya hesabu. Prosesa hupata kasi yake kwa kuzidisha mapigo ya bodi mama kwa namba iliyofungwa ndani yake, na kwa Celeron ile namba hiyo ilikuwa 4.5. Bodi ikipiga megahezi 66, jibu ni 300. Ikipiga 100, kama ilivyokuwa ikiipigia Pentium II, jibu ni 450. Bodi ya Abit BH6 iliruhusu badiliko hilo lifanyike ndani ya BIOS, bila kufungua kasha wala kuhamisha kipini. Unachagua 100, unahifadhi, unawasha upya. Mwenye dola 150 akawa anakimbia bega kwa bega na mwenye dola 600.

Pengo hilo kati ya kasi inayoandikwa kwenye boksi na kasi ambayo kipande cha silikoni kinaweza kuhimili ndilo lililozaa biashara nzima ya kupandisha kasi, au ovakloki kama vijana wanavyoita: bodi za bei ghali, vipozeo vikubwa, RAM zenye makoti ya chuma. Anayetaka kuboresha kompyuta yake ya nyumbani leo anapaswa kujua kwanza pengo hilo liko mikononi mwa nani. Kwa sehemu kubwa limesharudi kiwandani, na linauzwa.

Kwa nini lilikuwepo? Sahani moja ya silikoni hukatwa vipande mamia, kila kipande kikapimwa na kupangiwa daraja. Kiwanda kikishaizoea kazi, vipande vingi hufaulu daraja la juu, lakini wanunuzi wengi wanataka cha bei ya chini. Vipande vizuri basi hupigwa muhuri wa daraja la chini ili oda zijae. Walanguzi waliligundua hili mapema wakaanza kufuta maandishi juu ya prosesa na kuandika kasi kubwa zaidi, wakiziuza kwa bei ya juu. Intel ikajibu kwa kuifunga ile namba ya kuzidishia. Ndiyo maana wanunuzi wa Celeron walicheza na mapigo ya bodi badala ya namba yenyewe.

Mlango huo wa pili, wa mapigo ya bodi, ulifungwa Januari 2011. Katika kizazi cha Sandy Bridge, Intel iliunganisha mapigo yote ya mashine kwenye chanzo kimoja. Ukiyaongeza zaidi ya asilimia chache, diski na kadi zinaanza kuyumba pamoja na prosesa. Njia iliyobaki ilikuwa namba ya kuzidishia, na Intel iliifungua kikamilifu kwa prosesa zenye herufi K tu. Core i5-2500 ilitangazwa kwa dola 205, 2500K kwa dola 216. Dola 11 zinaonekana ndogo, ila hazikutosha peke yake: ilibidi na bodi iwe na chipseti ya P67, kwa kuwa H67 haikuruhusu. Kilichokuwa ufundi wa mnunuzi kikageuka bidhaa yenye tiketi mbili, moja ya prosesa na nyingine ya bodi. Mpaka leo Intel inafanya hivyo hivyo: herufi K upande mmoja, herufi Z upande wa pili. Bodi za daraja la B huruhusu RAM kupandishwa, prosesa hapana. Mwaka 2015 watengenezaji wa bodi walipopata upenyo wa kuzipandisha prosesa za kawaida za kizazi cha Skylake, mapema mwaka uliofuata Intel iliuziba kwa sasisho la programu ya ndani ya prosesa.

Anayefunga safari na chipseti mpya siku ya kwanza akumbuke pia yaliyotokea mwaka huo huo wa 2011. Januari haijaisha, Intel ilisimamisha usafirishaji wa chipseti za kizazi kile kwa sababu ya hitilafu kwenye baadhi ya milango ya diski. Ilikadiria kupoteza mapato ya dola milioni 300 na kutumia dola milioni 700 kutengeneza na kubadilisha. Prosesa zenyewe zilikuwa nzima. Bodi ndizo zilizorudishwa.

AMD ilipita njia nyingine, na sababu yake ni ya kibiashara kuliko ukarimu. Ilipotoa Ryzen Machi 2017 ilikuwa imepoteza soko kwa miaka, ikihitaji kitu ambacho mpinzani anakitoza pesa. Ikazifungua prosesa zote za familia hiyo, na ikaruhusu upandishaji hata kwenye chipseti ya kati ya B350. Ryzen 7 1700 ya dola 329 na 1800X ya dola 499 zote zilikuwa na viini 8, na kwa kipozeo kizuri ile ya bei ndogo ilikaribia gigahezi 4, palepale ilipokuwa ikifika ya bei kubwa. Hapo mnunuzi alirudishiwa dola 170 bila kuomba.

Zawadi kubwa zaidi ya AMD, hata hivyo, ilikuwa soketi. Aliyenunua bodi ya AM4 mwaka 2017 aliweza, kwa kusasisha BIOS, kuipachika Ryzen 7 5800X3D iliyotoka Aprili 2022. Bodi ile ile, RAM ile ile. Kati ya 2017 na 2024 mteja wa Intel alipitishwa kwenye soketi ya 1151, kisha 1151 nyingine yenye idadi ile ile ya vipini lakini isiyokubali prosesa mpya kwenye bodi za zamani, kisha 1200 mwaka 2020, 1700 mwaka 2021 na 1851 mwaka 2024. Kila hatua ni bodi mpya. Bodi ya dola 200 inayodumu vizazi vitatu ni rahisi kuliko ya dola 130 inayotupwa baada ya kizazi kimoja, na hesabu hii ndiyo ningeitanguliza mbele ya namba yoyote ya gigahezi.

Hiyo 5800X3D inastahili kutazamwa kwa karibu. Ilikimbia polepole kuliko ndugu yake 5800X, gigahezi 4.5 dhidi ya 4.7, na AMD iliifunga isipandishwe kasi. Bado iliishinda kwenye michezo mingi, kwa sababu juu ya kipande cha viini ilibandikiwa tabaka la kashe la megabaiti 64, na jumla ikawa 96. Prosesa haikulazimika tena kuifuata RAM kila mara kuuliza kitu. Bei iliyolipwa ni joto: tabaka lile lilizuia viini kupumua, ndiyo maana volti zikabanwa. Katika 9800X3D ya Novemba 2024, iliyotangazwa kwa dola 479, kashe ilihamishiwa chini ya viini, viini vikagusa kipozeo moja kwa moja, na prosesa ikafunguliwa. Kwa mtu wa michezo, hiyo ndiyo bidhaa ya kupimia nyingine zote. Cha kuzingatia ni kwamba faida yake kubwa inatoka kwenye kashe, na kupandisha kasi kunaiongezea kidogo tu.

Prosesa nyingine za kisasa nazo zinatoka kiwandani zikiwa tayari zimebanwa karibu na ukingo. Core i9-14900KS ya Machi 2024 ilifika gigahezi 6.2 kwa ahadi ya boksi. Mnunuzi anaachiwa nini hapo? Mwaka huo huo Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiyumba kwa sababu ya volti kubwa kupita kiasi. Agosti ilitoa sasisho la kuzituliza, na ikaongeza miaka miwili ya dhamana. Sasisho halikuponya prosesa iliyokwisha kuumia. Watengenezaji wa bodi nao walikuwa na sehemu yao: kwa kushindania alama za majaribio, wengi walikuwa wakiuza bodi zenye mipaka ya umeme iliyolegezwa tangu kiwandani, hivyo mteja alikuwa akipandisha bila kujua. Upande wa AMD haukusalimika. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000X3D ziliungua ndani ya soketi, na kampuni ikaweka kikomo cha volti 1.3 kwenye moja ya njia zake za umeme.

Biashara ya bodi yenyewe iko Taiwan. ASUS, Gigabyte, MSI na ASRock ndiyo majina utakayoyakuta karibu kila duka, na Abit iliyowapa watu ile BIOS ya 1998 imeshatoka sokoni. Kwa AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, bodi ya B650 au B850 inatosha kabisa, maana inaruhusu kupandisha prosesa, A620 hairuhusu. Angalia vipande vya kudhibiti umeme pembeni ya soketi kama vimevikwa chuma cha kupoza joto. Angalia pia kitufe cha kusasisha BIOS kwa fleshi bila prosesa kuwepo. Bodi iliyokaa stoo mwaka mzima inaweza isiitambue prosesa mpya, na bila kitufe hicho utalazimika kuazima prosesa ya zamani ili mashine iwake. Taa, skrini ndogo na majina ya kivita ni pesa iliyoondoka kwenye prosesa.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa kuna hesabu ya ziada. Kipozeo cha hewa hakiwezi kushusha joto chini ya hewa ya chumba. Majaribio mengi ya kimagharibi hufanyika kwenye chumba cha nyuzi 20 na kitu. Chumba cha nyuzi 32 kinaanza na deni, na prosesa kama Ryzen 7 7800X3D hujizuia ikifika nyuzi 89. Kwa hiyo huku ovakloki yenye tija mara nyingi ni kushusha volti: unaiachia prosesa ijipandishe yenyewe, unaipunguzia umeme kidogo kidogo kwa kila kiini, unajaribu usiku kucha, unasogeza tena. Joto linapungua na kasi inapanda pamoja. Na wanaotegemea mashine za ofisi zilizotumika Ulaya, Dell OptiPlex na wenzake, wajue BIOS zake hazifungui kitu, na pawa saplai zake nyingi zina plagi za kwao wenyewe. Bodi ya kawaida haitaingia humo bila gharama nyingine.

Kilichovuruga bajeti zote ni RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 vituo vya data vya akili unde vimekuwa vikiinyonya, na bei kwa mteja wa kawaida zimepaa. Desemba hiyo Micron ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa iliyohudumia majumbani kwa miaka mingi. AM5 inakubali DDR5 pekee. Mwenye bodi ya AM4 na gigabaiti 32 za DDR4 asiharakishe kuhama: prosesa ya AM4 yenye kashe kubwa, ikipatikana kwa bei ya haki, inampa sehemu kubwa ya anachokitafuta bila kununua kingine. Anayejenga upya anunue vijiti viwili vya DDR5-6000 badala ya vinne, kwani vinne hulazimisha kasi kushuka. Baki iende kwenye prosesa, na kabla ya kulipia bodi amuulize muuzaji ina toleo gani la BIOS.